RANGI YA MDOMO INAYONG'AA: TUIJUE KABLA YA KUIPAKA

Ndugu msomaji, ukienda gulioni Tengeru siku ya Jumamosi utaziona. Ukiteremka mjini Arusha, karibu na Soko Kuu au soko la Kilombero, utaziona pia. Zimepangwa juu ya meza na juu ya turubai, pamoja na vioo vidogo, vitana na hereni. Ni rangi za mdomo. Kuna nyekundu, waridi kali, rangi ya chungwa na zambarau. Zinang'aa sana, na bei yake si kubwa.

Wengine huziita lipstiki. Ile ya majimaji, yenye kijiti cha kupakia, wengi huiita lipshaini. Katika makala haya tutasema rangi ya mdomo, maana ndilo jina linaloeleweka na wote.

Akina mama na akina dada wengi wa vijijini huzinunua kwa ajili ya harusi, kipaimara, Idi, Krismasi, au kwa kujipendezesha tu. Hilo si jambo baya. Lakini tukumbuke kitu kimoja. Mafuta ya mkono hubaki mkononi. Rangi ya mdomo haibaki mdomoni. Ukinywa chai, unainywa. Ukila ugali, unaila. Ukilamba midomo, unaimeza. Kwa hiyo anayenunua rangi ya mdomo ananunua kitu kitakachoingia tumboni mwake. Inafaa akichague kwa uangalifu kama anavyochagua unga au mafuta ya kupikia.

Basi tueleze. Imetengenezwa kwa nini? Kwa nini inang'aa? Ipi inafaa kwa midomo yetu? Na tutajuaje kwamba hii ya bei nafuu ni nzuri au mbovu?

USIONE VYAELEA, VIMEUNDWA

Rangi ya mdomo ina vitu vikubwa vitatu: nta, mafuta na rangi.

Nta ndiyo inayokifanya kijiti kisimame. Bila nta, kijiti kingelala kama uji. Viwanda vingi hutumia nta ya nyuki, ile ile tunayoipata tukikamua asali. Vingine hutumia nta ya majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya mnazi.

Mafuta ndiyo yanayoifanya iteleze na kung'aa. Yanayotumika sana ni mafuta ya nyonyo, yatokanayo na mmea ambao wengine huuita mbarika. Mmea huu tunauona hata huku kwetu, kando ya njia. Lakini tahadhari! Usisage mbegu zake nyumbani ukitaka kutengeneza rangi ya mdomo. Mbegu za mbarika zina sumu kali. Kiwandani huondoa sumu hiyo.

Rangi yenyewe hutoka sehemu mbalimbali. Nyingine hutengenezwa kwa kemikali. Nyingine nyekundu hutoka kwa mdudu mdogo sana anayeishi kwenye mpungate, ule mmea wa miiba. Mdudu hukaushwa, akasagwa. Nyingine ni ya udongo wenye kutu ya chuma.

Hapo tunafika nyumbani. Maana udongo mwekundu si mgeni kwetu. Wamaasai wameutumia tangu zamani, nao huuita olkaria. Huusaga, wakauchanganya na mafuta ya mnyama, wakajipaka nywele na mwili. Wekundu wa udongo huo ni wa kutu ya chuma. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani navyo hutumia kutu ya chuma, iliyosafishwa, kutia rangi vipodozi. Kumbe rangi na mafuta si mambo ya kizungu peke yake! Kilichobadilika ni kwamba imetiwa nta, ikamiminwa kwenye kifuko cha kuzungusha.

KWA NINI INANG'AA?

Tazama bati jipya juu ya nyumba. Jua likipiga, linamulika mpaka unafumba macho. Sasa tazama ukuta wa udongo wa nyumba hiyo hiyo. Jua ni lile lile, lakini ukuta haumuliki. Kwa nini? Bati ni laini, kwa hiyo mwanga hurudi wote pamoja, upande mmoja. Ukuta una vishimo na vijiwe vidogo, kwa hiyo mwanga hutawanyika huku na huku.

Midomo ni hivyo hivyo. Midomo mikavu ina mikunjo na magamba madogo. Haing'ai. Ukiipaka mafuta, mafuta hujaza mikunjo ile na kufanya juu pawe laini. Mwanga unarudi, mdomo unang'aa.

Basi rangi ya mdomo inayong'aa sana ni ile yenye mafuta mengi na nta kidogo. Isiyong'aa ina unga mwingi na mafuta kidogo. Ukilijua hilo, utajua na mengine. Yenye mafuta mengi huteleza, kwa hiyo hutoka upesi. Huyeyuka upesi kwenye joto. Hushika vumbi. Isiyong'aa hukaa muda mrefu, lakini hukausha midomo. Hakuna iliyo na mema yote.

TULIVYOJARIBU

Ili tusiseme maneno matupu, tulinunua rangi nne tukazijaribu wenyewe. Mbili tulizinunua mjini, mbili gulioni. Bei ilikuwa kati ya Sh. 1,000 na Sh. 3,000 kwa moja. Bei hutofautiana, kwa hiyo uliza meza mbili au tatu kabla ya kutoa hela.

Ya kwanza ilikuwa kijiti chekundu kinachong'aa. Ya pili kijiti cha waridi kali, nacho kinang'aa. Ya tatu ilikuwa ya majimaji, rangi ya chungwa, yenye kung'aa kuliko zote. Ya nne ilikuwa rangi ya damu ya mzee isiyong'aa, ili tulinganishe.

Kwanza tuliipaka kila moja kwenye mkono, upande wa ndani karibu na kiwiko. Tukaacha siku nzima. Hapo ngozi ni laini, na kama kitu kina ukali utaona wekundu, vipele au muwasho. Hatukuona kitu. Ndipo siku ya pili tukapaka midomoni.

Jaribio la chai. Tulikunywa kikombe kimoja cha chai ya moto. Ile ya majimaji ilibaki zaidi kwenye kikombe kuliko mdomoni. Kijiti chekundu kilipoteza mng'ao lakini rangi ilibaki. Damu ya mzee haikuhama sana.

Jaribio la chakula. Tulikula ugali na mboga yenye mafuta. Hapo zote zilipungua, hata ile isiyong'aa. Mafuta ya chakula huyeyusha mafuta ya rangi. Hivyo siku ya sherehe, kula kwanza, upake baadaye. Au beba kitambaa na kioo, upake tena baada ya kula.

Jaribio la vumbi. Tulipanda bodaboda kwenye njia ya vumbi. Wasomaji wa huku wanajua vumbi la kiangazi lilivyo. Ile ya majimaji ilinasa vumbi kama ulimbo unavyonasa ndege, mpaka meno yakasaga mchanga. Vijiti vilinasa kidogo tu. Ushauri wetu: ukiwa safarini, paka ukishafika, siyo kabla ya kuondoka. Au funika mdomo kwa kanga.

Jaribio la jua. Tuliviacha vijiti dirishani mchana. Kile cha waridi kilitoa matone madogo juu yake, kama jasho, kisha kikalegea. Kijiti kilicholegea ukikizungusha kinakatika. Kiweke mahali pa kivuli na baridi.

Kwa jumla, kijiti chekundu kilitupendeza kuliko vingine. Kilikuwa na mng'ao wa kutosha, kilishika rangi, wala hakikuwa cha bei ya juu kuliko vyote. Ile ya majimaji ni nzuri kwa kupiga picha au kukaa ukumbini. Kwa kazi na safari haifai.

RANGI IPI KWA MIDOMO YETU?

Yule dada aliyechapwa kwenye karatasi ya kifuko mara nyingi hana midomo kama yetu. Midomo ya wengi wetu ina weusi wake, na mara nyingi mdomo wa juu ni mweusi kuliko wa chini. Rangi nyepesi inayopitisha mwanga, ukiipaka juu ya mdomo mweusi, inaweza kuonekana kama majivu. Juu iko hivi, chini iko vile. Basi watu husema, "Rangi hii haikunipenda." Siyo kwamba haikupenda. Ni nyepesi mno.

Rangi kali hutufaa vizuri. Nyekundu iliyoiva, waridi kali, zambarau na damu ya mzee huonekana wazi juu ya ngozi nyeusi. Paka kidogo. Bana karatasi laini kati ya midomo ili ziada itoke. Kisha paka mara ya pili. Itashika zaidi na mdomo wa juu utalingana na wa chini.

Halafu kuna baridi. Mwezi wa Juni na Julai, upepo wa Mlima Meru hukausha midomo mpaka inapasuka. Ukipaka rangi kali juu ya midomo iliyopasuka, rangi huingia katika nyufa na kuonekana mistari mistari. Usiku paka mafuta ya mgando. Asubuhi sugua polepole kwa kitambaa kibichi chenye maji ya vuguvugu. Usibandue magamba kwa meno wala kwa kucha. Midomo yenye kidonda usiipake rangi kabisa mpaka ipone.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino tunaongeza neno. Rangi ya mdomo ya kawaida haizuii jua, hata ikiwa kali namna gani. Tafuteni mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua, yenye herufi SPF na namba. Kofia pana nayo isikose.

MENO YETU NA MAJI YETU

Hapa tuseme jambo ambalo wengi huku Meru hulificha. Rangi kali huvuta macho ya watu kwenye mdomo. Na watu wakitazama mdomo, wataona meno. Sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru, wapo watu wazima na vijana ambao meno yao yana rangi ya kahawia. Wengine hufunika mdomo kwa mkono wanapocheka. Wengine hawacheki kabisa mbele ya wageni. Wapo waliokataa hata kupigwa picha siku ya harusi yao.

Meno hayo si uchafu. Wala si uvivu wa kupiga mswaki. Sababu yake ni madini yanayoitwa floraidi. Mlima wetu ni wa volkano. Maji yanapopita katika miamba yake huyeyusha floraidi na kuja nayo chemchemi, mitoni na visimani. Floraidi kidogo haidhuru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Lakini vyanzo vingi vya huku vina zaidi ya hapo.

Mtoto anapokunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi, meno hutoka yakiwa na madoa. Hatari ni kubwa katika miaka 8 ya kwanza ya maisha. Mtu mzima aliyehamia huku meno yake yakiwa yameshakamilika, hayabadiliki rangi kwa sababu ya maji. Lakini floraidi nyingi ikinywewa kwa miaka mingi hudhuru mifupa ya mtu yeyote.

Je, mwenye meno ya namna hiyo asipake rangi ya mdomo? Apake! Mdomo ni wake. Ila achague. Tulipojaribu, tuliona kwamba rangi zinazoelekea samawati, kama waridi kali, zambarau na damu ya mzee, huyafanya meno yaonekane meupe zaidi. Rangi ya chungwa na rangi za kahawia hufanya kinyume. Huitoa nje ile rangi ya meno. Rangi moja tu tofauti, na mtu hacheki tena huku mkono uko mdomoni.

Usiyasugue meno kwa mchanga, jivu au mkaa ili yawe meupe. Doa la floraidi liko ndani ya jino. Utakwangua jino na doa litabaki. Mganga wa meno hospitali ndiye wa kumwuliza.

Na kwa watoto, dawa ni maji. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaongeza, maana maji hupungua na floraidi inabaki. Kule Ngurdoto, wilaya ya Arumeru, kipo kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia kuondoa floraidi. Njia moja iliyotumika huko ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliotengenezwa kitaalamu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwenye bati safi nayo yana floraidi kidogo sana. Mtoto anyweshwe hayo.

KABLA YA KUTOA HELA, SOMA

Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma ili kusoma kukufae. Hapa ndipo kunapofaa. Chukua kifuko, kigeuze, usome chini na ubavuni.

Kwanza, jina la kiwanda na nchi. Kama hakuna, mtengenezaji hataki ajulikane. Jiulize kwa nini.

Pili, tarehe. Herufi MFG zinaonyesha siku iliyotengenezwa. Herufi EXP zinaonyesha siku ya kuharibika. Kama siku hiyo imepita, rudisha mezani.

Tatu, picha ndogo ya kopo lililofunguliwa, na ndani yake namba na herufi M. Ukiona 12M, maana yake ni miezi 12 tangu siku ulipoifungua. Ukiona 24M, ni miezi 24. Ukifika nyumbani andika kwa kalamu tarehe uliyofungua.

Nne, nusa. Mafuta yaliyooza yana harufu kali, kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Kama inanuka hivyo, hata tarehe ikiwa nzuri, usinunue.

Tano, tazama kijiti. Kiwe laini na rangi moja. Kikiwa na madoa, ukungu au alama ya kidole, kimekwisha kutumiwa au kimeharibika.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu ya madini ya risasi. Udongo wa rangi usiposafishwa vizuri unaweza kubaki na risasi. Risasi ni sumu, na inadhuru zaidi mtoto mchanga na mtoto aliye tumboni. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilipima rangi za mdomo 400, ikatoa majibu kati ya mwaka 2010 na 2012. Kwa wastani walikuta kama gramu 1.1 ya risasi katika tani nzima ya rangi. Iliyozidi zote ilikuwa na gramu 7.19. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilishauri isizidi gramu 10 kwa tani. Basi hata viwanda vikubwa havikosi chembe, lakini ni chembe ndogo, kwa sababu wanapima. Hatari iko kwa yule asiyepima wala kuandika jina lake.

Wengine husema: sugua rangi ya mdomo kwa pete ya dhahabu, ikiwa nyeusi ina risasi. Hiyo si kweli. Risasi haipimwi kwa pete. Hupimwa kwa mashine ya maabara.

Hapa Tanzania, kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya TFDA tangu sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi hiyo ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Ukiona kipodozi kilichokudhuru au kisicho na maelezo, watu wa TBS ndio wa kuambiwa. Ukishindwa kufika kwao, anza na afisa afya wa kata yako.

USIIJARIBIE MDOMONI, USIIAZIME

Mezani kuna kijiti kimefunguliwa ili wateja wajaribu. Dada mmoja anapaka, anatazama kioo, anakifuta kwa kidole, anarudisha. Anakuja wa pili, naye vivyo hivyo. Kufikia jioni kijiti kimepita midomo mingi.

Yapo malengelenge madogo ya mdomoni, yale ambayo wengi huyaita vidonda vya homa. Huletwa na virusi. Virusi hivyo vikikuingia haviondoki mwilini maisha yote. Hulala, kisha huamka ukipatwa na homa, uchovu au jua kali. Huambukizwa kwa kubusiana, na pia kwa vitu vinavyopita mdomo hata mdomo. Kwa hiyo jaribia rangi nyuma ya mkono, siyo mdomoni. Na ya kwako usimwazime mtu, hata ndugu.

"Sasa bibi harusi na wasimamizi wake tutawapambaje na kijiti kimoja?" Rahisi. Kata kipande kidogo kwa kijiko safi, weka kwenye kisahani, kila mmoja atumie kijiti chake cha pamba. Kilichobaki kwenye kisahani kitupwe.

MNG'AO WA BEI NAFUU

Huna haja ya kununua rangi kumi. Nunua kijiti kimoja kizuri cha rangi kali unayoipenda. Ukitaka ing'ae, weka chembe ya mafuta ya mgando katikati ya mdomo wa chini, kisha bana midomo. Basi, imekuwa lipshaini. Ukitaka ising'ae, bana karatasi laini mara mbili.

Walio na mizinga wanaweza kutengeneza mafuta ya mdomo yasiyo na rangi. Chukua nta safi ya nyuki kijiko 1 na mafuta ya alizeti au ya nazi vijiko 4. Weka ndani ya bakuli, na bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, maana inashika moto. Ikiyeyuka, koroga, mimina kwenye vikopo safi vikavu. Ikipoa inaganda. Inalinda midomo kwa baridi na inang'arisha. Kikundi cha akina mama kinaweza kuitumia nyumbani kabla ya kufikiri kuiuza. Ukitaka kuuza, taratibu za TBS zifuatwe kwanza.

Sasa tupige hesabu. Kijiti cha Sh. 2,000 kikikufaa siku 100, kila siku ni Sh. 20. Kijiti cha Sh. 1,000 kikioza baada ya siku 20, kila siku ni Sh. 50. Kipi rahisi?

JE, NI UHUNI?

Bado wapo wanaosema kwamba rangi ya mdomo ni ya wahuni. Ubishi huu si wa leo. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Wananchi walibishana sana magazetini. Wengine waliunga mkono. Wengine waliuliza kwa nini kila mara ni mwanamke anayeambiwa avae nini.

Sisi tunatenganisha mambo mawili. Kujichubua ni kubadili ngozi. Sheria zetu zinakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kwa sababu vinadhuru ngozi, na zebaki inadhuru figo. Jihadharini hasa na krimu zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa weusi wa midomo. Weusi wa midomo si ugonjwa. Lakini rangi ya mdomo haibadili ngozi. Unaipaka asubuhi, jioni unaifuta kwa mafuta kidogo na kitambaa, umebaki wewe yule yule.

Mwanamke aliyelima tangu alfajiri, akaenda gulioni kuuza ndizi zake, akabakiza Sh. 2,000 ya jasho lake akanunua kijiti chekundu, hajamkosea mtu. Tunachomwomba ni asome kwanza. Asikubali kuuziwa sumu kwa sababu inang'aa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Rangi ya mdomo ina vitu gani vikubwa vitatu? Kipi kinaifanya ing'ae?
2. Umenunua rangi yenye alama 12M. Umeifungua mwezi wa Machi mwaka huu. Itakwisha muda wake lini?
3. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floraidi? Kijijini kwenu mnaweza kupata wapi maji bora kwa watoto?
4. Kila mmoja alete kikopo kimoja cha mafuta au rangi kutoka nyumbani. Someni pamoja jina la kiwanda, nchi na tarehe. Ni vingapi havina maelezo?